Fundi wa Bel-Air aliyeunganisha mikono ya Mwalimu Hortense

Saa mbili asubuhi, skrini ya kompyuta ya Mukuka inakuwa nyeusi tii.

Hakuna herufi, hakuna mshale, hakuna chochote. Mukuka, wakala wa forodha ambaye siku zake nyingi huzimaliza mpakani Kasumbalesa katikati ya malori, ananyanyuka kwenye kiti cha plastiki. Angekuwa ameshabonyeza kitufe cha kuwashia, kama si kikombe kikubwa cha munkoyo alichokishika kwa mikono yote miwili.

"Acha, papa," anasema fundi wake, Syntiche Mbuyi, bila kugeuka. "Iko inafikiri."

"Inafikiri nini? Machine yangu imekufa, mama!"

"Haiyakufa. Kunywa kwanza munkoyo yako."

Mukuka anakunywa, macho hayabanduki kwenye skrini. Kikombe hakijafika nusu, picha inafunguka, pana na angavu, herufi zimesimama vizuri mpaka pembeni. Alipoingia asubuhi, herufi hizohizo zilikuwa zimevimba, na kila dirisha alilolisogeza lilimfuata kwa uvivu.

"Eh! Kumbe ilikuwa inaweza?"

"Ilikuwa inaweza tangu siku iliingia Congo. Hakuna mwenye aliiuliza."

Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi ambacho Lubumbashi haikichoki, nyumbani kwa Syntiche ni ukarimu na ni zana ya kazi pia. Ndani ya kila kompyuta kuna kadi inayochora kila tunachokiona, na kadi hiyo huhitaji programu ndogo ya kuiongoza. Mafundi wa hapa huiita kwa Kifaransa, pilote. Bila pilote yake, kadi huchora kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Ukishaweka pilote mpya, lazima mashine izimwe na kuwashwa tena, na hapo ndipo skrini huwa nyeusi kwa muda. Wateja wengi hawauvumilii muda huo. Wanaruka, wanabonyeza, wanazima, na kazi inaharibika katikati.

"Nilibaambia musiguse, banagusa," anasema Syntiche. "Nilikasirika, banagusa. Basi nikawaza: muntu mwenye iko na kikombe mu mikono mibili, atagusa na nini? Na pua?"

Tangu hapo jagi la munkoyo halikosi mezani pake. Vikombe ni vikubwa kwa makusudi, na havina mkono wa kushikia.

Syntiche ana miaka thelathini na minne. Babu yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, na familia haikurudi tena. Yeye alizaliwa hapa, akasoma biashara na usimamizi sekondari, akitarajia kuwa mhasibu katika ofisi yenye kiyoyozi. Kiyoyozi hakikupatikana. Kilichopatikana ni kazi ya kulinda saa za wateja katika saiba moja, duka la kukodisha kompyuta zenye intaneti, karibu na chuo kikuu, kule Kasapa.

Wanafunzi walikuja na diski zao za mfukoni zimejaa virusi. Kila Jumatatu nusu ya mashine zilikuwa hazifanyi kazi. Siku moja mwanafunzi wa fizikia alimwachia CD yenye Linux, mfumo wa kompyuta wa programu huria, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuubadilisha bila kununua leseni. Syntiche aliuweka kwenye mashine mbovu kuliko zote, ile ambayo tajiri wake alishaamua kuitupa.

"Jumatatu yenye ilifuata, zingine zote zilikuwa zinalala. Ile ya kutupa njo ilikuwa inatumika," anakumbuka, na bado anafurahi kana kwamba ni jana. "Nilipenda ile kintu siku ileile. Vraiment, nilipenda."

Saiba ilikufa pole pole, simu zilipoingia kwenye kila mfuko. Tajiri, badala ya mshahara wa mwisho, alimpa mashine mbili. Syntiche alizibeba mpaka mtaani kwao, Bel-Air, akaziweka katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu: FUNDI LINUX.

Mtaani walidhani Linux ni jina la mume wake.

Leo wanajua. Kompyuta nyingi za mezani zinazofika mjini zimeshatumika Ulaya, nyingine zina umri wa kumaliza shule ya msingi, na mifumo mipya inayouzwa huzilemea. Syntiche huzifufua kwa dola kumi na tano kila moja, na mwezi ukiwa mzuri analipa karo za wadogo zake bila kukopa. "Tunakula bukari na samaki, na kuku siku ya Mungu," anasema; bukari ni ugali wa huku, na siku ya Mungu ni Jumapili. "Silalamike."

Kwa sababu mega za intaneti ni ghali, hapakui kitu mara mbili. Kila pilote aliyowahi kuihitaji ameihifadhi kwenye diski moja anayoiita gunia. Humo pia kuna viongezi vya kivinjari, zile programu ndogo zinazokipa kivinjari uwezo ambao hakikuzaliwa nao. Muuza vitenge wa jirani hataki kabisa kusikia habari za mfumo huria. Anataka kiongezi kinachozuia matangazo, yasije yakamlia mega zake.

Kwa kazi za namna hiyo Syntiche alikuwa hajashindwa na mtu kwa muda mrefu. Kisha, baada ya Noeli, akaja Mama Marceline.

Marceline anaendesha darasa la watoto viziwi katika ukumbi ulio nyuma ya parokia, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwa Syntiche. Yeye anasikia. Alijifunza lugha ya alama kwa ajili ya mdogo wake kiziwi, na anafundisha wale wadogo. Darasa la sita lilikuwa la Mwalimu Hortense, kiziwi mwenyewe, ambaye kwa maelezo ya Marceline angeweza kumfundisha hata jiwe kugawanya kwa desimali.

Hortense aliolewa na mchimba madini, na mume akahamishiwa Kolwezi. Wanafunzi tisa wa darasa la sita wakabaki bila mwalimu, mwaka uleule wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Alipatikana mwalimu mwingine, mwenye moyo mzuri, lakini asiyejua hata alama ya maji. Alifundisha kwa kupanua mdomo. Watoto walimtazama mdomo siku mbili, siku ya tatu wakatazama dirishani. Wazazi wawili wakawatoa watoto wao. Marceline alijua mambo haya yanavyokwenda: wakitoka wanne, ukumbi utapewa kazi nyingine, na waliobaki watakaa nyumbani kufua na kuchunga wadogo zao, na huo ndio utakuwa mwisho wa shule kwao.

Hortense ndiye aliyetoa wazo. Angefundisha akiwa Kolwezi, kupitia kivinjari, mbele ya kamera. Walijaribu kwa simu kwanza. Vichwa saba vilivyobaki viligongana juu ya kioo kimoja, na waliokaa nyuma hawakuona kitu. Bahati nzuri, mfadhili mmoja aliwahi kuiachia parokia kompyuta ya zamani na televisheni kubwa. Shida ilikuwa moja: kwenye televisheni hiyo picha ya Hortense iliruka-ruka.

"Nikasema, haba, hii ni kazi ya asubuhi moja," anasimulia Syntiche.

Kweli, alianza kama alivyozoea. Kwanza akaweka pilote mpya kuliko zote, skrini ikawa nyeusi na ikabaki nyeusi. Hapa wengi hukata tamaa au hulaumu umeme. Yeye alijua kosa: kadi ni ya zamani, na watengenezaji walishaacha kuihesabu katika pilote mpya. Akairudisha mashine nyuma, akachimba katika gunia lake, akatoa pilote ya umri wa kadi ile. Kabla ya kuwasha tena, kama kawaida yake, akawamiminia wote munkoyo, watoto na Marceline.

Picha ikafunguka. Akajaribu na video ya kwaya. Sauti ilikuwa safi, haikukatika hata kidogo, na waimbaji walicheza vizuri. Akarekebisha kivinjari kama anavyowarekebishia wateja wake wote wenye ndugu ng'ambo: intaneti ikipungua, sauti ipewe nafasi ya kwanza, picha ingoje. Akawageukia watoto, akainua dole gumba.

"Iko bien?"

Watoto tisa wakamtazama, vikombe mikononi, wakatikisa vichwa kukubali. Maana wale wawili waliotolewa walikuwa wamerudishwa siku hiyo, kuja kujaribu. Syntiche akafunga mkoba wake akaenda zake.

Kesho yake Marceline alikuwa mlangoni kwake kabla maandazi hayajaiva. Pembeni yake alisimama Chance, msichana wa darasa la sita mwenye nywele fupi na uso wa mtu aliyekuja kudai haki.

"Yaya Syntiche," alisema Marceline, kwa heshima ya kumwita dada, "batoto banasema hapana. Mikono ya Hortense inakatika."

"Inakatika namna gani? Jana balisema iko bien!"

Marceline alimtafsiria Chance. Msichana akajibu kwa mikono, haraka, na Marceline akatafsiri.

"Anasema… uliwauliza wakati bako na vikombe. Anasema ni kama kufunga muntu kinywa, halafu kumuuliza habari."

 Katika miaka yote ya kumimina munkoyo Syntiche hakuwahi kufikiria kwamba kuna watu ambao, ukiwajaza mikono, umewanyang'anya maneno. "Nilisikia haya," anasema. "Haya ya kweli, ile inashukaka mpaka ku magoti."

Walirudi ukumbini wote watatu. Chance alichukua chaki, akaandika ubaoni hesabu ya kawaida: Mfanyabiashara alinunua magunia kumi na mawili ya unga, akauza matatu kila siku. Je, yataisha baada ya siku ngapi? Kisha akachukua kitambaa, akafuta maneno hapa na pale. Yakabaki haya: Mfanyabiashara… mawili… unga… kila… ngapi?

Akaweka kitambaa chini, akaelekeza kidole kwenye televisheni, kisha akajielekezea mwenyewe. Hakukuhitajika mkalimani.

"Mimi nilikuwa najaribu na masikio," anasema Syntiche. "Sauti ikiwa muzuri, kwangu kazi imeisha. Fundi yote ya hapa inafanyaka vile. Na picha yenye inakatika kidogo, macho ya muntu mwenye anasikia inajaza yenyewe. Beye, batoto, banapoteza neno."

Na kupima kwa masikio hakukuwa kosa pekee. Pilote ilikuwa sahihi, lakini alikuwa ameiamuru mashine itoe picha sadaka kwa ajili ya sauti, katika chumba ambamo sauti haina mteja.

Basi wakaanza upya, na safari hii kipimo kilikuwa Chance. Kule Kolwezi, Hortense alihesabu kwa vidole, au alitaja majina ya masoko ya mji, kwa mwendo wake wa kawaida. Chance alisimama mbele ya televisheni na kuyarudia. Palipokosekana alama alipiga meza kwa kiganja. Siku ya kwanza meza ile ilipigwa sana.

Syntiche alizima sauti kabisa, pande zote mbili, ili mega zote ziende kwenye picha. Meza ikapigwa kidogo. Akaweka kiongezi kinachokilazimisha kivinjari kuomba video kwa mtindo ambao kadi ya zamani inaufahamu, badala ya mtindo mpya unaoichosha. Meza ikapigwa mara mojamoja. Akakihamishia kifaa cha intaneti dirishani, juu ya rundo la vitabu vya nyimbo. Bado kulikuwa na alama zilizopotea, hasa zile zinazofanywa mbele ya kifua.

Aliikodolea macho picha ile mpaka yakamuuma. Halafu akaona. Mikono ya Hortense iliposhuka kifuani, picha ilivunjika vipande vya mraba, na vipande vyote vilikuwa na maua.

Hortense ni mwanamke wa kupendeza na anajua hivyo. Kila siku ya somo alivaa blauzi ya kitenge, yenye maua makubwa ya njano na zambarau na mikono iliyoshonwa kwa madoido. Kila ua liliposogea, mashine ilihangaika kulichora upya, na mega zilizopaswa kubeba vidole zilikuwa zinabeba bustani.

"Nani atamuambia?" aliuliza Marceline. Hakuna aliyejitolea.

Ikabidi Marceline mwenyewe amwambie kwa alama. Hortense alisoma alama, akajitazama blauzi, akajibu kwa kirefu. Tafsiri iliyomfikia Syntiche ilikuwa fupi: "Anasema hii kitenge iko ya ndoa." Kisha Hortense akatoka mbele ya kamera. Walidhani amekasirika. Walibaki wakitazama kiti kitupu na pazia, na Syntiche anakiri kwamba aliogopa, maana dawa nyingine hakuwa nayo.

Hortense alirudi amevaa fulana nyeusi nzito ya mumewe, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Juu ya weusi ule vidole vyake vilionekana vyote, mpaka pete. Alianza kutaja masoko, taratibu, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi ya mtu anayegombana na jirani. Chance alimfuata neno kwa neno. Kiganja chake kilibaki hewani juu ya meza, na hakikushuka.

Ndipo Hortense akasema jambo. Yalikuwa maneno machache tu ya mikono, na jicho moja limefumbwa. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Kuna aliyelala juu ya meza. Chance aliketi sakafuni akishika tumbo. Marceline alitoa leso kufuta machozi.

Na Syntiche, fundi wa yote hayo, alisimama katikati ya ukumbi na waya mkononi, hajui wanacheka nini.

"Niligeuka huku, niligeuka huku. Mimi peke yangu njo sikusikia," anasema. "Nikawaza, kumbe njo vile banabakiaka inje, kila siku, ku nyumba zao, ku kanisa, kila pahali bantu banacheka. Nililia kidogo. Lakini nilikuwa pia na furaha, juu picha ilikuwa imepita. Kichekesho haipitake mu picha yenye kukatika."

Alimwomba Marceline amtafsirie. Marceline alifungua mdomo, na Chance, akiwa palepale sakafuni, akamkataza kwa kidole. Msichana alinyanyuka, akaenda ubaoni, akaandika neno moja kwa herufi kubwa: JIFUNZE.

Hiyo ilikuwa miezi kadhaa iliyopita. Wanafunzi wote tisa wapo, na hakuna tena mzazi anayezungumzia kumtoa mtoto. Wiki hizi wanarudia masomo kwa ajili ya mtihani, na ukipita nje ya ukumbi asubuhi unaweza kudhani hakuna mtu ndani. Hortense amejinunulia blauzi nyeusi mbili. Kitenge cha ndoa kimebaki cha kanisani.

Syntiche naye ana mipango. Marafiki wa Hortense walioko Likasi wana darasa lenye shida hiyohiyo, na baada ya mitihani ataenda kuwaona akiwa na gunia lake. Munkoyo ataubeba, lakini viziwi atawamiminia baada ya kazi.

Kila Jumatano alasiri anafunga mlango wa bluu na kwenda ukumbini kusoma. Anakaa na wanafunzi wa darasa la kwanza wa Marceline, magoti yakigonga meza fupi, na watoto hao wanamcheka waziwazi anapochanganya vidole. Chance hupita kumkagua, na hamwonei huruma.

Je, kichekesho cha Hortense ameshakielewa?

Syntiche anaweka chini bisibisi, anapangusa mikono, na kujaribu kuzirudia alama alizozishika siku ile. Hii ni mume. Hii, anadhani, ni baridi. Hii ya tatu hana hakika nayo. Inaweza kuwa mbuzi, inaweza kuwa mama mkwe. Anajicheka mwenyewe, kisha uso wake unatulia.

"Bado," anasema. "Mais nitafika. Na siku nitaelewa, nitacheka pale pale mu kati ya darasa, peke yangu, hata kama beye bote bamesahau. Chance ataniuliza juu ya nini ninacheka, na mimi nitamujibu na mikono."